Usiache Kimya Kimya: Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Baada ya Kubadilishiwa Nyonga au Goti

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi iliyopita hapa Tanga, mbele ya wazee na watu wanaowauguza. Walioshindwa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Naomba nianze kwa swali. Humu ukumbini, ni nani amebadilishiwa nyonga au goti? Nyosheni mikono, msione haya. Asanteni. Na ni nani nyumbani kwake ana mzazi au jamaa aliyefanyiwa upasuaji huo? Ahsante, ni wengi kuliko nilivyotegemea.

Sasa swali la pili, na hili naomba jibu la kweli. Mliporuhusiwa kwenda nyumbani mlipewa dawa ya kuzuia damu isigande. Vidonge kwa wengine, sindano za tumboni kwa wengine. Ni nani aliitumia mpaka siku ya mwisho aliyoandikiwa?

Mnaona mikono ilivyopungua? Kwa ajili ya hiyo mikono iliyoshuka, nimepanda basi kuja hapa.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya mifupa kwa miaka mingi. Lakini leo sitaanza na wodi, nitaanza na shangazi yangu. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha, akatembea kwa kuyumba miaka sita, usiku halali kwa maumivu. Mwisho akakubali upasuaji. Ulikwenda vizuri sana. Siku ya pili alisimama, siku ya nne akarudi nyumbani na magongo yake. Mtaa mzima ulikuja kumwona, naye akiwaonyesha anavyokunja mguu bila kulia.

Mimi nilikuwa zamu, mkoa mwingine. Nilimpigia simu kila jioni. Nilimwuliza kidonda, akasema kimekauka. Nilimwuliza mazoezi, akasema anafanya. Nilimwuliza choo, usingizi, hamu ya kula. Kidonge sikumwuliza. Muuguzi wa mifupa mimi, siku kumi na tano za simu, kidonge sikumwuliza.

Asubuhi ya siku ya 19 alitoka bafuni akasema, "Pumzi inanikata." Akakaa kitandani. Hawakufika hospitali naye akiwa hai. Daktari aliyempokea alituambia ni donge la damu lililotoka mguuni na kuziba mapafu.

Baada ya mazishi nilipanga vitu vyake. Kwenye fundo la kanga nikakuta cheti cha daktari: kidonge kimoja kila siku, siku 35. Nikakuta na karatasi ya vidonge kumi, vyote vimekwisha. Ukijumlisha na siku nne za wodini, alifika siku ya 14 akasimama. Na ndani ya cheti kilichokunjwa kulikuwa na stakabadhi ya ada ya mjukuu. Jirani akanisimulia: alikwenda duka la dawa, akauliza bei ya karatasi ya pili, akanyamaza, akarudi. Akasema mguu hauumi tena, hela ikasomeshe mtoto.

Wazee wangu, mimi simlaumu shangazi. Kila bibi humu ndani angefanya vilevile. Ninachokililia ni kwamba aliacha kimya kimya. Hakumwambia daktari, hakuniambia mimi. Na jibu la shida yake lilikuwepo. Lilikuwepo, na la bei ndogo. Nitawaambia ni lipi, lakini kwanza tuelewane damu inagandaje.

Damu kuganda ni neema. Ukijikata na kisu cha samaki, damu ikaacha kutoka, hiyo ni kazi ya kuganda. Tatizo ni damu kuganda ndani ya mshipa, mahali ambapo hakuna tundu la kuziba. Madaktari hadi leo hufundishwa mambo matatu yanayoleta hali hiyo, na huyaita kwa jina la daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow. La kwanza, damu kwenda polepole au kutuama. La pili, ukuta wa mshipa kuumia. La tatu, damu yenyewe kuwa rahisi kuganda.

Haya, tuangalie upasuaji wetu. Daktari anapobadilisha nyonga hukata kichwa cha mfupa wa paja, kisha huchonga ndani ya mfupa apate kusimika ile nyonga bandia. Ili afike huko mguu huzungushwa na kukunjwa, na mshipa mkubwa wa paja hubanwa. Kwa goti, mara nyingi paja hufungwa mkanda wa hewa ili damu isijae mahali anapofanyia kazi. Mafuta ya uboho huingia kwenye damu. Mwili unaona umejeruhiwa vibaya, unaamrisha damu igande. Halafu mgonjwa analala. Na misuli ya shavu la mguu, ambayo kila ukipiga hatua hukamua damu na kuipandisha juu moyoni, imetulia tuli. Basi yale mambo matatu yote yamekutana kwa mtu mmoja, siku moja. Ndiyo maana zamani, kabla dawa hizi hazijawa desturi, wagonjwa wa nyonga na goti walipopigwa picha maalumu za mishipa, 40 hadi 60 kati ya 100 walionekana na madonge. Mengi yalikuwa madogo, mwenyewe hana habari nayo. Lakini machache hukua, hukatika, hupanda na damu mpaka moyoni, na kutoka moyoni husukumwa mapafuni.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Hatari hii haiishii wodini. Utafiti wa miaka ya tisini huko California uliangalia ni lini hasa madonge hugunduliwa. Kwa waliobadilishiwa goti, nusu yao waligunduliwa ndani ya siku 7 za mwanzo. Kwa nyonga, ilikuwa siku 17. Siku ya 17 uko wapi? Uko nyumbani. Umeshaoga mwenyewe. Umeshaanza kugombana na wajukuu. Kidonda hakiumi, wageni wamepungua, unajiona mzima. Shangazi alikuwa siku ya 19.

Kwa hiyo dawa ya nyonga huandikwa kwa wiki nne hadi tano, na ya goti mara nyingi wiki mbili. Hizo siku hazikubuniwa ili duka la dawa lipate faida. Ndizo siku ambazo damu bado ina ghadhabu.

Dawa zenyewe ni zipi? Watu huziita dawa za kuyeyusha damu, au za kufanya damu iwe nyepesi. Jina hilo limewapoteza wengi. Mzee anasema, mimi damu yangu tayari ni nyepesi, naona hata miguu inapata baridi, ya nini tena niiyeyushe? Dawa hizi haziyeyushi damu. Zinaizuia isigande kwa haraka, basi.

Niwape kisa cha mojawapo, kwa sababu nakipenda, na kinaonyesha nguvu ya dawa hizi kwa heri na kwa shari. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Unamkata pembe, anavuja mpaka anakufa. Ikaja kuonekana kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoshika unyevu yakaota ukungu. Mwaka 1933, katika dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari karibu kilomita 300 akiwa na ndama aliyekufa, mzigo wa majani yale, na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Alifika maabara ya Karl Paul Link, mtaalamu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Iliwachukua miaka sita kuipata ile sumu ndani ya majani. Kutokana nayo wakatengeneza warfarini. Mwaka 1948 ilikuwa sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa alipopata shambulio la moyo.

Mmeona? Kitu kilichoua ng'ombe, kikipimwa sawasawa, kinaokoa mtu. Kipimo ndicho kila kitu. Ndiyo maana mwenye warfarini hupimwa damu mara kwa mara, na huambiwa asibadilishe ghafla ulaji wake wa mchicha, kisamvu na matembele, kwa kuwa majani hayo yana vitamini K, ambayo hupingana nayo. Sikusema asile. Ale kwa kiasi kilekile cha siku zote.

Siku hizi wengi hupewa vidonge vipya zaidi, kama rivaroksabani, miligramu 10 mara moja kwa siku, au apiksabani, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Hivi havihitaji kupimwa damu kila wiki wala kuogopa mchicha. Wengine hupewa sindano ya enoksaparini, kwa kawaida miligramu 40 mara moja kwa siku, chini ya ngozi ya tumbo.

Hiyo sindano ina habari yake. Nilikuwa na mgonjwa, mzee mtu wa swala tano, aliyewahi kwenda hija. Sindano tatu za mwanzo alikubali. Ya nne akasema amelala, ya tano akasema tumbo linauma. Nikavuta kiti nikakaa. "Babu, kuna nini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, jirani yangu wa kitanda kaniambia hii inatoka kwa nguruwe. Mbona hamkuniambia?"

Na alisema kweli. Heparini na watoto wake, enoksaparini ikiwemo, hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Alikuwa na haki ya kuambiwa kabla hajachomwa sindano hata moja, na hakuambiwa. Nilimwomba radhi. Nikamwita daktari, akabadilishiwa kidonge, kwani vidonge vile hutengenezwa kwa kemikali maabara. Ipo pia sindano ya fondaparinuksi, nayo haitokani na mnyama. Wako masheikh wanaoruhusu ile ya nguruwe kwa dharura. Hilo si langu kulihukumu, kamwulizeni sheikh wenu. Langu ni hili: lisemwe kabla ya siku ya upasuaji. Fikirini yule babu angekuwa nyumbani, hana muuguzi wa kuvuta kiti. Angeziacha kimya kimya.

Kwa wale mnaochomana sindano nyumbani, na najua wengi mnafanyiwa na binti zenu, sikilizeni. Keti au lala. Chagua ubavu wa tumbo, mbali na kitovu kama upana wa vidole vitatu. Leo kulia, kesho kushoto. Bana ngozi kwa vidole viwili ipate mkunjo, ingiza sindano wima yote, na usiachie mkunjo mpaka sindano itoke. Ile hewa kidogo iliyomo ndani ya sindano iliyokuja imeshajazwa usiitoe. Ukiitoa unamwaga na dawa. Ukimaliza usisugue. Ukisugua utavilia damu, kesho utaona tumbo limekuwa bluu, uogope, uache. Nawajua.

Sasa turudi kwenye hela. Nilisema jibu la shangazi lilikuwepo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Kanada, wagonjwa 3,424 wa nyonga na goti. Wote walimeza rivaroksabani siku 5 za mwanzo. Kisha nusu wakaendelea nayo, na nusu wakahamia aspirini ndogo, miligramu 81 kwa siku: siku 9 zaidi kwa goti, siku 30 zaidi kwa nyonga. Unajua ilikuwaje? Waliopata madonge yenye dalili hawakufika hata mmoja kati ya 100 katika kila kundi. Sawasawa! Aspirini, wazee wangu. Dawa ambayo bei yake haifiki hata nauli ya bodaboda. Shangazi alishameza rivaroksabani siku zaidi ya zile tano. Angefungua mdomo tu, akasema "daktari, hela imeisha," huenda angeandikiwa aspirini akamaliza siku zake.

Lakini msiondoke hapa mkasema muuguzi katuambia tumeze aspirini. Sikusema hivyo. Australia walifanya utafiti wao katika hospitali 31, ukachapishwa mwaka 2022. Huko waliwapa watu aspirini peke yake tangu mwanzo, wakawalinganisha na wa sindano. Wa aspirini waliopata madonge walikuwa 3.45 kati ya 100, wa sindano 1.82. Karibu mara mbili. Kwa hiyo inategemea ni lini, na ni nani. Mtu aliyewahi kupata donge, mwenye saratani, mnene sana, au kijana mwenye selimundu ambaye nyonga yake imekufa akiwa na miaka 25, hao damu zao haziaminiki, daktari anaweza kukataa aspirini kabisa. Uamuzi ni wake. Kazi yako ni kumwambia hela imeisha.

Nikija kwenye kusema, kuna mengine ya kusema ambayo watu huyaficha. Unameza dawa za kifua kikuu? Sema. Rifampisini hupunguza nguvu ya rivaroksabani na ya warfarini mpaka ni kama hujameza kitu. Unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI? Sema, hata kama uliyekuja naye hajui; omba kubaki na daktari peke yenu. Zile zenye ritonaviri hupandisha rivaroksabani mwilini mpaka mtu anaweza kuvuja damu. Figo zako zina shida? Sema.

Na diklofenaki. Hapa nisimame kidogo. Nilimpokea baba mmoja, goti jipya, siku ya tisa. Amepauka, anatetemeka, anasema amepata choo cheusi kama lami siku mbili. Alikuwa anameza kidonge chake cha damu vizuri kabisa, bila kukosa. Lakini goti likimwuma usiku, anameza diklofenaki mbili zilizokuwa kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo, na damu imezuiwa kuganda. Alivuja tumboni. Aliongezewa chupa tatu za damu, akapona, namshukuru Mungu. Maumivu mwombe daktari dawa nyingine. Parasetamoli kwa kipimo chake haina ugomvi huo. Na yale makopo ya mitishamba, vitunguu saumu vya kusaga, mizizi ya kuchemsha, yaleteni mezani kwa daktari tuyaone.

Safari nazo. Wengi hufanyiwa Dar es Salaam wakarudi na basi, wengine huenda India wakarudi na ndege. Kukaa kitini saa nne na zaidi, magoti yamekunjwa, ni kuituamisha damu tena. Mwulize daktari ni lini unaweza kusafiri. Njiani kunja na kunjua vifundo vya miguu, kunywa maji, mwombe dereva asimame unyooshe mguu. Abiria wenzako watanung'unika, waache wanung'unike.

Ukisahau kidonge cha mara moja kwa siku, kimeze unapokumbuka siku hiyohiyo. Kesho usimeze viwili kufidia.

Na dalili. Mguu ukivimba ghafla, ukauma kwenye shavu, ukawa wa moto kuliko mwenzake, nenda hospitali siku hiyo. Usikandwe! Bibi akija na mafuta ya nazi kukukanda shavu la mguu lililovimba, mkatalie kwa adabu. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukakohoa damu, ukazimia, hapo usingoje asubuhi, usingoje gari la mtoto. Nendeni. Na kwa upande wa pili, choo cheusi, mkojo mwekundu, kidonda kinacholowanisha bandeji, kichwa kuuma vibaya baada ya kuanguka, nazo ni za kukimbizwa vilevile. Mguu kutokuwa na uvimbe kusiwape raha. Shangazi mguu wake ulikuwa mzuri mpaka asubuhi ile.

Wanaouguza wazee, ninawaomba kitu kimoja. Mkipiga simu jioni, swali la kwanza liwe, "Leo umemeza?" Halafu la pili, "Vimebaki vingapi?" Hilo la pili ndilo nililolikosa mimi. Mzee hawezi kukuambia hana hela, ataona anakutwisha mzigo. Lakini ukiuliza vimebaki vingapi, atakuambia viwili, na wewe utajua.

Yule binti mnayemwona pale mlangoni ndiye mjukuu ambaye ada yake ilikuwa kwenye ile stakabadhi. Sasa yuko kidato cha tatu. Amechora karatasi zenye miraba 35, kila mraba una nafasi ya tarehe, na chini ameacha mstari wa namba ya simu ya wodi. Atawapa mnapotoka. Wa goti mtatumia miraba ile mliyoandikiwa na daktari. Aliyesahau miwani yake asione haya, aje hapa mbele na cheti chake, tumjazie tarehe.